Programu na Kanzidata Zilale Ufuko Mmoja

Mhadhara uliotolewa kisiwani Idjwi mbele ya wauguzi, wanafunzi na watengeneza programu



Nianze na karatasi mnayoijua. Kila mwezi, katika kila kituo cha afya cha kisiwa hiki, muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita titilere, huketi na daftari zake akahesabu. Wangapi wametibiwa malaria? Watoto wangapi wamechanjwa surua? Wamama wangapi wamejifungulia kituoni? Hesabu hizo anaziandika kwenye kanevasi, ile fomu ya ripoti ya mwezi; kanevasi inafika ofisi kuu ya zoni, na huko tarakimu zinaingizwa katika DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya ya Kongo inaitumia nchi nzima. Idjwi ni moja kati ya zoni 34 za afya za Kivu Kusini, na Kongo yote ina zoni 519. Kutoka karatasi ya titilere hadi jumla ya taifa, kuna mahali pamoja ambapo tarakimu inaweza kupotea bila mtu yeyote kuona. Mahali hapo ni pale programu inaposhikana na kanzidata. Zoni ambayo tarakimu zake zimepotea hupangiwa dawa na chanjo kwa kukisia.

Ndiyo maana nimeomba kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulipita haraka wakijifunza kompyuta. Katika vitabu vya mafunzo jambo hili huchukua ukurasa mmoja: andika anwani, andika jina, andika nenosiri, endelea. Mimi nasema hapo ndipo pa kukaa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Nikisema kiunzi, nina maana ya ile miti inayosimamishwa kabla ya kukandika udongo: programu iliyokwisha kujengwa nusu, ikupe milango na nguzo, nawe ujaze kuta zako. Kwa anayeandika kwa lugha ya Python, kiunzi kimojawapo kinaitwa Django. Kilizaliwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas huko Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, kwa sababu chumba cha habari hakina muda wa kujenga kila ukurasa upya. Kwa anayeandika kwa Java kuna Spring. Na nikisema kanzidata ya mahusiano, nina maana ya majedwali yanayofahamiana.

Wazo hilo la majedwali lilitoka kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa rubani wa ndege za kivita kabla ya kuwa mwanahisabati, Edgar Codd. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, San Jose, California, alipoandika makala yake ya mwaka 1970. Kabla yake, aliyetaka kupata habari ndani ya kompyuta alilazimika kujua habari hiyo imelala wapi na ifikiwe kwa njia gani. Codd akasema: mtu aseme anachotaka, mashine itafute njia. Juu ya wazo hilo Michael Stonebraker na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijenga Ingres, halafu kuanzia 1986 wakajenga Postgres, ambayo tangu 1996 inaitwa PostgreSQL. Inatolewa bure, na ndiyo iliyo chini ya DHIS2.

DHIS2 yenyewe inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya tisini, nchi ile ilipokuwa inaunganisha huduma za afya zilizotenganishwa na ubaguzi wa rangi. Kenya iliisimika kwa taifa zima kupitia intaneti mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu waliofanya kazi nyingi juu yake. Ina ndugu pia: OpenMRS, inayotunza faili la mgonjwa mmoja mmoja, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Zote mbili zimeandikwa kwa Java, zote zimesimama juu ya Spring, na zote zinatumia Hibernate kuzungumza na kanzidata.

Hibernate ni mkalimani. Hapa kisiwani mnajua kazi ya mkalimani: mgonjwa anasema Kihavu, daktari aliyetoka mbali anasema Kifaransa, muuguzi anasimama katikati. Programu inafikiri kwa vitu: mgonjwa, kituo, mwezi. Kanzidata inafikiri kwa mistari na safu. Mkalimani anageuza huku na huku. Mkalimani mzuri huokoa muda, ila kila muuguzi anajua hatari yake: daktari akimtegemea kabisa, hatajua tena mgonjwa ameulizwa nini hasa. Mtengeneza programu asiyewahi kusoma maulizo ya SQL, lugha ya kanzidata, ambayo mkalimani wake anayatuma yuko katika hali hiyohiyo.

Tufungue sasa jedwali moja la DHIS2, jedwali linalobeba kila kitu, linaitwa datavalue. Tarakimu ya titilere inaishia hapo. Kila mstari unasema: kipimo gani, kipindi gani, kituo gani, kundi gani la watu, na tarakimu. Lakini jedwali halikuandika jina la kituo wala jina la kipimo. Limeandika namba tu, na namba hizo ni funguo zinazofungua majedwali mengine, moja la vituo, moja la vipimo, moja la vipindi. Kituo kikibadilishwa jina, unabadilisha mahali pamoja, na miaka yote ya nyuma inafuata. Hayo ndiyo mahusiano ninayoyasema hapa.

Nawaomba mkae nami kidogo juu ya ufunguo wa jedwali hili, maana ni kitu kizuri sana. Ufunguo wake ni ule mseto wa kipimo, kipindi, kituo na makundi. Kanzidata inakataa mistari miwili yenye mseto uleule. Sasa fikirini mfanyakazi wa ofisi ya zoni, saa kumi na moja jioni. Amejaza chanjo za surua za mwezi uliopita za kituo kimoja, 62. Anabonyeza. Rezo, yaani mtandao, inakatika. Hajui kama tarakimu imefika. Anabonyeza tena. Rezo inarudi, inakatika, anabonyeza mara ya tatu. Kama jedwali lingekuwa linapokea tu kila linaloletwa, kituo hicho kingekuwa kimechanja watoto 186, na huko mbele mtu angeandika ripoti ya kusifu. Kwa sababu ya ufunguo ule, mara ya pili na ya tatu zinaangukia juu ya mstari uleule, na tarakimu inabaki 62. Kanzidata imemlinda mfanyakazi dhidi ya rezo mbaya, bila yeye kujua. Kwa nchi yenye rezo kama yetu, ulinzi huo ni jambo la kwanza kabisa.

Turudi kwenye muunganisho. Ndani ya faili la mipangilio la DHIS2, linaloitwa dhis.conf, kuna mistari michache: dereva wa kuongea na PostgreSQL, anwani ya kanzidata, jina la mtumiaji, nenosiri. Django nayo ina mistari yake, ya aina hiyohiyo: injini, jina la kanzidata, mtumiaji, nenosiri, mashine ilipo, na namba ya mlango, ambayo kwa PostgreSQL ni 5432. Mistari mitano au sita. Nataka tuutazame mmoja tu, ule wa mashine. Unauliza: kanzidata yako iko wapi?

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia duka la dawa la kituo kimoja, ambacho sitakitaja. Walitaka kujua dawa zipi zinakaribia kuisha na zipi zinakaribia kuharibika. Niliandika programu kwa Django, nikaiweka kwenye kompyuta ya kituo, hapa kisiwani. Kanzidata nikaiacha kwenye seva mjini Bukavu, kwa sababu nilidhani mjini ni salama zaidi, na wakubwa wangeweza kuitazama. Kwenye mstari wa mashine nikaandika anwani ya seva ile. Nyumbani kwangu mjini, nilipoijaribu karibu na seva, kurasa zilifunguka kabla sijaondoa kidole. Nikavuka ziwa nikiwa na furaha.

Kituo kilikuwa kinapata intaneti kwa dishi la setilaiti. Niliposimama mbele ya wauguzi na kufungua ukurasa wa orodha ya dawa, tulingoja. Dakika moja ikapita. Tukaendelea kungoja. Orodha ilitokea karibu na dakika ya pili. Wauguzi walinistahi, hawakusema neno, lakini wiki iliyofuata walikuwa wamerudi kwenye daftari, na walikuwa na haki. Muuguzi mwenye mgonjwa mbele yake hawezi kungoja dakika mbili ajue kama kwinini ipo.

Nilifanya hesabu baadaye, na nawapa hesabu hiyo kama ilivyo. Setilaiti ya aina ile inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ulizo linapanda, linashuka Bukavu, jibu linapanda, linashuka Idjwi: jumla ni kilomita kama 143,000. Mwanga wenyewe, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, unahitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Ukiongeza ucheleweshaji wa mitambo, unafika sekunde 0.6. Kutoka kituo hadi seva, kwa boti, ni safari ya saa chache. Kwa setilaiti, ulizo langu na jibu lake vilikwenda umbali wa kuzunguka dunia zaidi ya mara tatu.

Orodha ilikuwa na dawa 60. Mkalimani wa Django, kwa jinsi nilivyomwandikia mimi, aliuliza kwanza: nipe dawa zote. Kisha kwa kila dawa akarudi kuuliza: imebaki kiasi gani? Kisha: shehena yake ya mwisho ilifika lini? Kisha: inaharibika lini? Dawa 60 mara maulizo matatu ni 180, ongeza lile la kwanza, 181. Zidisha kwa 0.6. Ni sekunde 108 na zaidi. Pale mjini, ambapo kila ulizo lilitumia chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, maulizo yaleyale 181 yalikwisha kabla jicho halijapepesa. Kosa lilikuwepo tangu mwanzo. Ukaribu wa seva ulilificha.

Wamama wanaopeleka mananasi ya Idjwi Bukavu hawafanyi kosa hilo. Anayevuka kwenda soko la Kadutu anabeba orodha ya ujirani mzima: chumvi ya huyu, sabuni ya yule, betri za mwingine. Hakuna anayevuka kununua chumvi, akarudi, akavuka tena kununua sabuni. Watengeneza programu wana jina la kosa hili, wanaliita tatizo la maulizo N na moja, na kila kiunzi kina dawa yake. Katika Django unamwambia mkalimani mapema: nitahitaji shehena na tarehe, uziombe zote kwa pamoja. Maulizo 181 yakawa manne. Sekunde mia na kitu zikawa mbili na nusu.

Hata hivyo sikuwa nimemaliza. Ukurasa ulibaki mzito, na sababu ilikuwa kufungua muunganisho wenyewe. Kabla ya ulizo la kwanza, mashine mbili husalimiana, hukubaliana juu ya usimbaji ili wengine wasisikilize, kisha kanzidata inauliza wewe ni nani na kupima nenosiri kwa mashauriano ya kwenda na kurudi. Ni safari tano hivi. Kwa 0.6, ni sekunde tatu za salamu. Na Django, usipoielekeza vingine, hufunga muunganisho kila ukurasa unapokwisha, ikaanza salamu upya kwa ukurasa unaofuata.

Siku ile nilielewa kitu ninachokisema leo mbele yenu. Programu na kanzidata huzungumza sana, mno, kama watu wa nyumba moja. Walaze ufuko mmoja. Mazungumzo yao hayakuumbwa kuvuka ziwa. Kinachostahili kuvuka ziwa ni ujumbe uliokamilika: kanevasi nzima, risiti nzima, iliyofungwa na kutiwa namba.

Waliotengeneza PostgreSQL wameliweka jambo hili katika mipangilio ya mwanzo. Ukiisimika bila kugusa kitu, inasikiliza tu wanaoita kutoka mashine ileile. Mgeni wa mbali hawezi hata kubisha hodi mpaka mwenye nyumba afungue kwa mkono wake. Wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza, tuliona hilo kama usumbufu, tukafungua mlango kwa dunia nzima.

DHIS2 inafuata njia niliyoisema. Programu ya Java na PostgreSQL huwekwa karibu, mara nyingi mashine moja. Mfanyakazi wa zoni hashiki kanzidata ile. Anashika ukurasa katika kivinjari chake, na ukurasa ule unajua kuhifadhi tarakimu ndani ya kompyuta rezo ikikatika, ukazituma ikirudi. Na kwa simu ni vizuri zaidi. Programu ya DHIS2 ya Android inabeba ndani yake kanzidata kamili ya mahusiano, SQLite, kazi aliyoianza Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000. SQLite haina seva, haina mlango, haina salamu za safari tano. Ni faili moja ndani ya simu. Mhamasishaji wa afya anayetembea kutoka Bugarula kwenda kijiji kisicho na rezo anaandika, na kila anachoandika kinaingia katika majedwali mfukoni mwake, kwa funguo na mahusiano yake yote. Akifika penye rezo, kinavuka kwa pamoja.

Kuna mtu ataniuliza: kwa nini tusiweke seva hapa kisiwani basi? Kwa kazi za hapa, ndiyo, iwekwe hapa. Kisiwa hiki kina historia ya rezo yake chenyewe: Pamoja Net, iliyojengwa na shirika la Ensemble Pour la Différence pamoja na wenyeji na mwami, chifu wa jadi. Rezo ya ndani ya namna hiyo haihitaji setilaiti kwa kuzungumza na seva iliyo kilima cha pili. Kompyuta ndogo inayokula umeme wa paneli moja ya jua inatosha kabisa kubeba Django na PostgreSQL kwa duka la dawa la kituo. Nilivyofanya mwishowe ni hivyo: kanzidata ikahamia kituoni, mstari wa mashine ukawa unataja mashine ileile, na kila usiku muhtasari mmoja unavuka kwenda mjini. Wauguzi walirudi kwenye programu.

Ila anayeleta kanzidata nyumbani anachukua pia mzigo wa kuilinda. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nguvu ya 5.9 lilibomoa nyumba Bukavu na kando ya ziwa. Goma imefikiwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, na mwaka 2021 lava ikafika tena mpaka ukingoni mwa mji. Nakala iliyokaa chumba kimoja na ya asili si nakala. PostgreSQL ina chombo chake cha kunakili, pg_dump, kinafanya kazi bila kusimamisha programu. Nakala ivuke ziwa, na mara moja kwa miezi michache mtu ajaribu kuirudisha, aone kama inafufuka.

Sasa nizungumze na wanafunzi juu ya kahawa, kwa sababu kuna jambo ambalo dawa hazilionyeshi vizuri. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wanaume wengi wakazama, wakaacha wajane. Vyama vya ushirika na vituo vya kuoshea kahawa vimewapa wakulima mahali pa kuuzia palepale kisiwani. Lakini mkulima anauza kwa ushirika akiuamini, na imani yake inakaa katika hesabu. Analeta kilo 43 za matunda mekundu. Programu lazima iandike mambo matatu: kilo 43 zimeingia ghalani, pesa zimetoka sandukuni, na jina la mkulima limeongezewa kilo 43 kwa ajili ya nyongeza ya mwisho wa msimu. Betri ya paneli ikizimika baada ya jambo la pili, mkulima amelipwa lakini jina lake halina kilo. Msimu ukiisha atapewa pungufu, na atasema ushirika ni wezi.

Dawa yake ni muamala. Unaiambia kanzidata: anza, yafuatayo matatu ni kitu kimoja, thibitisha. Kukitokea lolote kabla ya kuthibitisha, yote yanafutika kana kwamba hayakuandikwa. Jim Gray, aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1998, ndiye aliyeifafanua kazi hii kuliko wengine. PostgreSQL huandika kwanza kwenye daftari la pembeni kile inachotaka kufanya, ndipo inakifanya, hivyo ikiamka baada ya giza inajua ilikuwa wapi. Lakini sikilizeni vizuri: kiunzi hakijui kwamba mambo yenu matatu ni kitu kimoja. Django, isipoambiwa, inathibitisha kila ulizo peke yake. Ni nyinyi mtakaoyafunga pamoja, na kiunzi kimewapa neno la kufungia. Spring nayo ina lake. Nimeona programu za pesa ambazo hakuna aliyelitumia.

Na bado kuna kona moja. Programu imetuma neno thibitisha, muunganisho ukakatika kabla ya jibu. Je, imethibitishwa au haikuthibitishwa? Programu haiwezi kujua. Hapo turudi kwa jedwali la datavalue. Risiti ya mkulima ipewe namba yake ya pekee palepale kwenye mzani, kabla ya kutumwa, na namba hiyo iwe ufunguo katika jedwali. Ukiwa na shaka, tuma tena. Kama ilifika mara ya kwanza, kanzidata itaikataa ya pili, na kilo zitabaki 43.

Juu ya wingi wa miunganisho nitasema kidogo. PostgreSQL huzaa mchakato mmoja kwa kila muunganisho, na kwa kawaida inakubali 100 tu. Siku za kwanza za mwezi, zoni zote zikituma kwa pamoja, huwezi kumfungulia kila mtu muunganisho wake. Kwa hiyo kiunzi huweka akiba: miunganisho iliyokwisha kusalimiana, inayoazimwa na kurudishwa. DHIS2 kwa kawaida huruhusu 80. Anayeazima bila kurudisha anawazuia wote walio nyuma yake, na seva itaonekana imekufa ingawa ni nzima. Kuongeza idadi bila kutafuta aliyesahau kurudisha ni kuahirisha tu.

Linalofuata linanigusa zaidi. Wamama wengi wa Bushi, pande za Bukavu, na baadhi wako hapa ukumbini, wana majina yanayoanza na M na alama ya ritifaa: M' halafu jina la baba, binti wa fulani. Katika lugha ya SQL, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Mtengeneza programu mvivu anachukua jina lililochapwa na kulibandika ndani ya ulizo kama kamba iliyoungwa na kamba. Jina la Baraka litapita. Jina la mama mwenye M' litavunja ulizo katikati, na skrini itatoa kosa. Muuguzi aliyechoka atafanya nini? Atafuta alama, ataandika jina vingine, au ataacha. Safari ijayo mama huyo hatapatikana katika kanzidata, na kadi ya chanjo ya mtoto wake itaanza upya. Programu imemfuta mtu kwa sababu ya jina alilopewa na baba yake.

Tundu hilohilo ndilo mlango wa wezi. Tangu 1998 imeandikwa hadharani namna mtu mbaya anavyoweza kuchapa, mahali pa jina, kipande cha SQL kinachoamuru kanzidata itoe siri zote au ifute majedwali. Miaka mingi imepita na bado programu zinaangushwa hivyo. Na dawa ni ileile kwa mama na kwa mwizi: ulizo litumwe lenye nafasi wazi, na jina lisafiri peke yake, mbali na amri, ili kanzidata isilichukue kamwe kuwa amri. Django na Hibernate hufanya hivyo zenyewe mkiziachia. Tatizo huanza pale mtu anapoamua kuunga kamba kwa mkono kwa sababu ana haraka. Mtu huyo akiwa chini yenu, mzuieni. Na jaribio la kwanza la programu yoyote ya Kivu liwe jina lenye ritifaa na jina lenye herufi za Kifaransa, kabla ya kujaribu kitu kingine chochote.

Nenosiri nalo msiliweke ndani ya programu mnayogawiana kwa flashi za USB. Likae faili lake, lisomwe na programu peke yake, na mtumiaji huyo wa kanzidata apewe ruhusa ya majedwali yake tu.

Ndugu zangu, wengi wenu mna programu inayoendesha kitu fulani, duka, shule, kituo, ushirika. Kesho mkifika kazini, fungueni faili la mipangilio, mtafute ule mstari unaouliza kanzidata iko wapi. Kama umetaja mashine iliyo ng'ambo ya ziwa, hesabuni maulizo ya ukurasa mmoja, mzidishe kwa muda wa safari moja, halafu muwaulize wauguzi na wakulima wenu wanangoja kiasi gani. Nani ataanza?